Nilivyopata Kuwa Mjomba wa Daktari

Mimi hakuna kitu cha dunia hii kinaweza kunishangaza. Sijigambi, nasema kama mtu aliyeona. Nilitoka Kamukuywa na suruali moja, nikaingia Kitale, nikalala Kipsongo kwenye kibanda cha mabati na karatasi za nailoni, mchana nasukuma mkokoteni wa mtu mwingine. Leo nina mashine mbili za kusaga, lori la kijani ambalo halina deni la benki, na ghala ambalo wenye digrii huja kukodi kona. Shule niliachia darasa la nne. Wale tuliokaa dawati moja wakaendelea mbele, wengine wao wakinikuta sokoni wananiita mkubwa, kisha wananiomba nauli. Mimi huwapa.

Siri ya biashara yangu ni moja na nitaisema bure: sijawahi kununua mahindi kwa mgeni. Nikifika bomani kwa mtu siulizi bei. Naomba maji ya kunywa, nakaa, halafu nauliza, mama wa hapa alitoka ukoo gani? Wakitaja, mimi natafuta kichwani. Kuna nyanya mzaa baba, kuna shangazi aliyeolewa Chwele, kuna dada za mke wangu ambao wametapakaa kila mahali. Sisi Wabukusu tumeoana mpaka ukitupa jiwe gizani litampata shemeji. Kabla kikombe hakijaisha nimeshakuwa mkwe au binamu, na mkwe humuuzii gunia kwa bei ya dalali. Wenye maduka ya Kitale walikuwa wakishangaa napata wapi mahindi wakati wa njaa. Nilikuwa nayapata kwa jamaa.

Kifungua mimba wangu ni msichana. Huyo hakuchukua kichwa changu wala cha mama yake, sijui alikitoa wapi. Alimaliza kidato cha nne na alama nzuri akasema anataka kusomea utabibu, kuwa mmoja wa wale watu wenye koti jeupe ambao kijijini tunawaita daktari kwa sababu ndio tunaowaona. Alituma maombi yake mwenyewe, akajaza mwenyewe, hata stempu alinunua mwenyewe. Mwaka ulikuwa wa elfu mbili na nne. Chuo cha utabibu kikamjibu kwamba aje Bungoma kwa mahojiano.

Hapo ndipo watu wakaanza kunifunza. Mashineni kwangu hapakosi mtu wa kutoa mashauri wakati unga wake unasagwa. Wote waliimba wimbo mmoja, kwamba alama ni za kukuingiza mlangoni tu, ndani kuna watu. Kwamba mtoto wa fulani alikuwa na alama kuliko wote na bado yuko nyumbani anachunga. Dalali mmoja alikuja mpaka ghalani, kijana wa viatu vilivyochongoka, akasema yeye anajua mtu anayemjua mtu. Nilimfukuza. Dalali simpendi, maana mimi mwenyewe nimekuwa dalali na najua yaliyo tumboni mwake. Kitu nikikitaka nakwenda shambani kwenyewe.

Nikauliza huku na huku. Nikaambiwa kwamba mkufunzi anayekaa katikati ya meza siku ya mahojiano ni daktari mmoja, kijana bado, mzaliwa wa upande wa Kibabii. Nilikuwa nafikiria nimwendee kwa njia gani, ndipo redio ikanifungulia. Jioni, wakati wa matangazo ya vifo, wakasoma kwamba mama fulani wa Kibabii ameaga, mama yake daktari huyo, wakataja na ukoo aliotoka kabla ya kuolewa. Niliweka kijiko chini. Ulikuwa ukoo wa nyanya yangu mzaa baba.

Nieleze kidogo kwa msomaji asiye wa kwetu. Ukoo unatoka kwa baba. Ukoo wa nyanya yangu unanifanya mimi kuwa mpwa wao, mtoto wa binti yao aliyetoka. Haunifanyi kuwa mtu wao. Hilo nilijua, hata darasa la nne linatosha. Lakini mpwa naye ana mahali pa kukaa kwenye matanga, na mimi nilitaka kiti tu. Mke wangu aliuliza tunakwenda kumzika nani. Nikamwambia jamaa. Akaniangalia jinsi anavyoniangalia nikimwambia lori limeharibikia Webuye.

Binti sikumwambia. Angekataa.

Nilipakia magunia manne ya mahindi na mawili ya maharagwe, nikavaa koti langu la harusi za watu, tukashuka Kibabii. Mazishi yalikuwa ya heshima: turubai tatu, spika za kukodi, jenereta inanguruma nyuma ya migomba. Mpango wangu ulikuwa mdogo. Nishushe magunia yaonekane, nimpe daktari mkono wa pole, nitaje jina la nyanya yangu, niende nyumbani. Siku ya mahojiano akiona jina la baba kwenye faili akumbuke lori la kijani.

Sasa, kwetu mwanamke hashushwi kaburini kimya kimya. Watu wa kwao, waliomzaa, lazima wasimame waseme neno, kwamba wamemwona, kwamba hawana shida na waliomuoa. Anayesema ni ndugu yake wa kiume, yule ambaye watoto wa marehemu wanamwita mjomba. Sisi husema khocha. Na khocha kwetu si mtu wa kuchezea, hata ukiwa na koti jeupe.

Mshereheshaji alimaliza majirani, akamaliza kanisa, akamaliza wakwe. Akasema kwenye spika, "Sasa upande wa wajomba." Akarudia. Jenereta peke yake ikajibu. Mwanamke aliyekaa mbele yangu akamnong'onezea mwenzake kwamba mama huyu alibaki na ndugu mmoja tu, alihamia Uganda zamani, na walikuwa wamekosana kwa sababu ya ng'ombe za mahari, hakuja. Nikamwangalia daktari. Alikuwa amesimama kando ya jeneza, mtu mrefu wa tai nyeusi, anaangalia viatu vyake. Dada zake walikuwa wameanza kulia kwa namna nyingine, si kile kilio cha msiba, kile cha aibu. Mshereheshaji akasema mara ya tatu, sasa kwa sauti ya chini kabisa, kama hakuna wajomba tutaomba mchungaji aendelee.

Sijui nani alinisimamisha. Mimi ni mtu wa biashara, nikiona pengo naingia. Nilijikuta nimeshika maikrofoni.

Nilisema mimi ni wa kwao. Nilisema tumetoka mbali, Kitale, ndiyo maana tumechelewa kusimama. Nikasema binti yetu tulimtoa akiwa mzima na leo tumemwona amelala vizuri, amevishwa vizuri, nyumba yake inaonekana, hatuna neno na watu wa hapa. Nikasema kwetu hatuji mikono mitupu, tumekuja na magunia sita yako kwenye lori lile la kijani, vijana wasaidie kushusha. Na nikatoa elfu tatu mfukoni nikaweka juu ya meza. Wanawake wakapiga vigelegele kwenye matanga, kitu ambacho si cha kawaida. Dada mmoja wa daktari akaja akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Khocha, tulidhani tumetupwa."



Jeneza likashushwa. Daktari alinisindikiza mpaka kwenye lori, akaniuliza jina, akauliza naishi sehemu gani ya Kitale, akaniita mjomba karibu mara kumi. Mambo ya chuo sikuyataja hata nusu. Mtu hapandi na kuvuna siku moja. Njiani kurudi nilikuwa naimba. Mke wangu hakuimba.

Binti alikwenda Bungoma kwa mahojiano mwenyewe, asubuhi, amepiga pasi mpaka soksi. Nilimwambia tu asiogope watu, wote wanakula ugali. Alirudi jioni akapita sebuleni bila salamu, akakataa chakula. Mama yake akamfuata, nikamsikia binti analia. Baadaye akatoka akasimama mbele ya kiti changu na kunieleza, bila kupandisha sauti, kama mtu anayetoa ushahidi.

Alikuta watu watatu mezani. Mama mmoja wa miwani ndiye aliyeanza, akamuuliza, kama walivyouliza kila mtu, kama ana jamaa yeyote anayefanya kazi chuoni. Akajibu hana. Yule wa katikati alikuwa anafungua faili. Akasoma, akainua macho, akamuuliza kama baba yake ndiye mwenye lori la kijani la Kitale. Akasema ndiyo. Daktari akafunga faili, akaweka kalamu chini, akawaambia wenzake, "Huyu ni binti ya mjomba wangu. Siwezi kumhoji." Akatoka nje akafunga mlango. Mama wa miwani akamgeukia binti yangu, akamwambia kwamba hapa mmoja amedanganya, na yule aliyetoka hawajawahi kumsikia akidanganya. Walimhoji wawili waliobaki, wakaandika alama zao, lakini mwishoni wakamwambia faili lake litawekwa kando mpaka jambo hili lieleweke.

"Baba, huyo mtu ni nani?"

Nikamwambia ni jamaa.

"Jamaa wa wapi? Mimi sijawahi kumuona."

Nikamweleza nyanya yangu, redio, spika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Sasa mimi ndiye mwongo." Akarudi chumbani.

Nilimwambia mke wangu kwamba huyu mtoto anakuza mambo. Mke wangu akasema, "Si ulisema wote wanakula ugali? Mbona leo hakuna anayekula?" Mwanamke wangu ana mdomo, lakini nilimuoa nikijua.

Usiku huo nilipiga hesabu kama ninavyopiga za mahindi. Nikienda chuoni kusema mimi si mjomba, nitakuwa nimemwokoa binti na nimemfanya daktari mwongo mbele ya wenzake. Tena nitakuwa nimemfukua yule mama, maana itajulikana kwamba alizikwa bila watu wa kwao. Nikisema mimi ni mjomba, basi binti yangu alidanganya mezani, na chuo cha utabibu hakichukui mwongo. Na nikinyamaza, faili litakaa kando mpaka panya walile.

Jumapili nilishuka Kibabii peke yangu. Daktari alikuwa nje ya nyumba ya mama yake, amekaa na ndugu yake wa mwisho, kijana wa miaka kumi na minne hivi, wanapukuchua mahindi ya kupanda. Alinyanyuka akanipa kiti chake. Mimi nikaanza mbali, mvua, barabara, bei ya mbolea. Akaniacha nizunguke. Kisha nikasema kuna jambo dogo la chuo limepinda, labda tulinyooshe kimya kimya, mjomba na mpwa.

Akamwambia ndugu yake aende kuteka maji. Kijana alipotoka, daktari akasema, "Mjomba, mimi niliiambia kamati kitu nilichosikia kaburini kwa mama yangu. Sikukitunga. Sasa wewe niambie. Nilidanganya?"

Alikuwa ananiangalia machoni. Naamini alijua. Mtu aliyesoma hawezi kukosa kujua ndugu za mama yake ni wangapi. Lakini hakusema anajua, na mimi sikumuuliza.

Nilisema, "Hukudanganya."

"Basi ni sawa," akasema. "Mwaka huu ni wa kutahiri. Huyu wetu wa mwisho anaingia Agosti. Tulikuwa hatujui atakwenda kwa mjomba gani."

Niseme tena kwa asiye wa kwetu. Mvulana wa kwetu kabla ya kutahiriwa huenda kwa khocha wake na njuga na nyimbo, na khocha humchinjia dume la ng'ombe, akamvisha kipande cha nyama shingoni, akamwambia maneno makali. Asipokwenda kwa mjomba ni kama hakuingia. Mjomba kwetu haonekani kwenye spika, huonekana kwenye dume. Nami nilikuwa nimekaa pale kwenye kiti cha mwenye nyumba, hakuna mlango wa kutokea.

Nikasema aje. Nikasema aje Kamukuywa, kwa mama yangu, Kitale ni mbali kwa miguu.

Daktari akasema kuna jambo moja zaidi. Huyo binti yangu aje aone kaburi la shangazi yake na ajulikane na watu wa pale. Hapo ndipo yeye atawaandikia wakubwa wake kwamba msichana hakujua, kwamba hizi ni familia mbili ambazo zilikuwa hazijaonana, na kwamba alama za wale wawili zihesabiwe bila yeye kutia mkono. Alisema hawezi kuandika kitu kabla hakijakuwa.

Binti alikwenda. Sikumlazimisha; nilimwambia masharti, akafikiria siku mbili, akaenda na mama yake. Walishinda kule mchana kutwa. Aliporudi aliniambia jambo moja tu, kwamba wale dada walimpikia kuku na wakamwonyesha picha za mama yao, na kwamba kama nitawadanganya tena wale watu yeye hataniita baba. Nikamwambia sidanganyi mtu, nanunua dume.

Na nilinunua dume si mchezo. Ndugu zangu wa Kamukuywa waliliona linashuka kwenye lori wakauliza tuna mpwa gani Kibabii ambaye wao hawamjui. Kaka yangu mkubwa alicheka mpaka akashika mti. "Wewe bana, unaenda kumtafutia mtoto shule, unarudi na mtoto mwingine." Lakini ilipofika siku yenyewe alikuwa wa kwanza kunoa kisu. Mpwa akija na njuga, nani atasema simjui?

Walifika alasiri. Lori langu liliwatoa Kibabii, wakashukia barabarani, wakaja mbio kwa miguu ile sehemu ya mwisho, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kijana alikuwa amepakwa unga wa wimbi, njuga zake zinalia, macho mekundu, nyuma yake kundi zima linaimba. Nilisimama mlangoni nikamwangalia. Nilipaswa kumtukana, ndiyo desturi, kumuuliza anataka nini kwangu, kumwambia kama ni mwoga arudi akalale na kuku. Maneno yalitoka yenyewe. Nilimpiga kofi la kifuani, nikamvisha nyama, nikamwambia kwamba mama yake anamwangalia na asije akatikisa hata ukope. Hakutikisa. Kesho yake asubuhi, saa ya kisu, nilisimama kwao Kibabii kwenye baridi nikaona kwa macho yangu, amesimama kama mlingoti. Daktari alikuwa kando yangu. Binti yangu alikuwa nyuma na wale dada, na nilimsikia akisema neno "kaka" bila kuulizwa.

Uganda nako walisikia. Mjomba wa kweli, mzee mfupi mwenye kofia ya manyoya, alivuka mpaka wiki moja baadaye akaja mpaka Kitale kuniuliza kwa nini nimekula cheo chake. Nilimkaribisha. Nilimtajia nyanya yangu. Akafikiria sana, akasema nyanya ni kweli, alimsikia akitajwa utotoni, lakini mimi ni mtoto wa nje wa ukoo na mtoto wa nje hachinji dume. Nikamuuliza itakuwaje, na dume limeshaliwa. Akasema inaweza kuwa, kwa mbuzi na blanketi. Nikampa mbuzi na blanketi. Alikaa siku tatu, akala vizuri, na alipoondoka nilikuwa mjomba kwa haki, wala hakuna mtu wa Bungoma nzima anayeweza kulitoa hilo.

Barua ya chuo ilifika wiki hiyohiyo. Binti aliifungulia mashineni, mbele ya wateja, akanipa niishike ingawa anajua kusoma kwangu ni kwa kubahatisha. Alikuwa amechukuliwa. Kelele za mashine zilizuia nisisikie alichosema, ila nilimwona akicheka.

Daktari alipokuja kutusalimia aliniambia kwa upole kwamba alama za wale wawili zilikuwa juu sana, na kwamba kama ningekaa Kitale nikasaga unga wangu, binti angeingia vilevile, tena bila faili kuwekwa kando. Huenda. Mimi nilimjibu kwamba mahindi huyajui mpaka gunia lifunguliwe. Watu wenye shule hupenda kuhesabu kitu ambacho hakikutokea. Mimi nahesabu kilichotokea. Nilipata binti chuoni, mpwa daktari, mpwa mwingine aliyesimama vizuri mbele ya kisu, dada zao wanne wa kunikaribisha kuku kila nikipita Kibabii, na ukoo mzima wa kununua mahindi kwao mpaka ng'ambo ya mpaka. Magunia, pesa ya kaburini, dume, pombe ya wageni, mafuta ya lori, mbuzi na blanketi, vyote pamoja vilinigharimu shilingi elfu arobaini na nne, mia sita na hamsini.